Kilima cha Namirembe na Kwaya Yetu: Kanisa Lililojengwa Mara Tano

(Hotuba ya katibu wa kwaya, siku ya jubilii)

 

Niliombwa niwaeleze historia ya kwaya yetu. Hiyo mtaisoma katika kurasa zinazofuata, pamoja na picha zake, na wale waliokuwa na nywele nyingi zamani wataonekana humo. Mimi nimeomba kamati iniruhusu nizungumze juu ya kanisa jingine, la mjini, la zamani, lililoko ng'ambo ya ziwa. Ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, kilima cha Namirembe, Kampala.

Sababu yangu ni hii. Sote tunajua kwamba baada ya sherehe hizi jengo hili tulimoketi litabomolewa ili jipya lianze. Tunajua pia kwamba uamuzi huo haukupita kwa urahisi. Vijana wanataka jengo lenye nafasi, na mabati yasiyopiga kelele mvua ikinyesha katikati ya wimbo. Wazee wanaona kama tunawafukuza nyumbani kwao. Mama mmoja wa alto aliniuliza ile sauti aliyoiimba humu tangu usichana wake itabaki wapi siku kuta hizi zitakapoanguka. Sikuwa na jibu la haraka. Lakini nikakumbuka Namirembe, kwa kuwa pale watu wamewahi kuulizwa swali hilo mara nyingi kuliko sisi.

Kwanza niwaambie kwa nini Namirembe ni habari yetu pia. Watu wengi hapa wanadhani kanisa letu la Kianglikana lilitoka Mombasa likapanda na reli mpaka Kisumu. Kwa huku Nyanza sivyo. Hadi mwaka 1902 nchi yetu hii ilikuwa ndani ya mipaka ya Uganda. Serikali ilipohamisha mpaka, kanisa halikuhama. Nyanza iliendelea kuwa chini ya Dayosisi ya Uganda mpaka mwaka 1921. Kwa hiyo babu zetu wa kwanza waliobatizwa, askofu wao alikuwa na kiti chake Namirembe. Mama kanisa wetu yuko upande linakozamia jua.

Kuna zaidi. Mwaka 1906, mwaka ule ule ambao wenzetu Waadventista walianza kazi yao Gendia hapa karibu na Kendu Bay, J. J. Willis alianzisha misheni ya Maseno. Ni wengi hapa ambao baba au babu zao walisoma Maseno, na wengine hawataacha kutukumbusha. Mwaka 1912 Willis huyo huyo alitolewa kwetu akawa Askofu wa Uganda. Alipofika kwenye kiti chake, hakukuta kanisa kuu. Alikuta kilima chenye mabaki ya moto. Kanisa kubwa linaloonekana leo Kampala lilijengwa katika uaskofu wake. Mtu aliyeanza na wavulana wachache wa Maseno ndiye aliyesimamia ujenzi wa Namirembe.

Sasa tuingie katika historia yenyewe. Jina Namirembe linatokana na neno la Kiganda "mirembe", maana yake amani. Lakini tusidanganyane, amani haikutangulia pale. Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walifika Buganda tarehe 30 Juni 1877. Haikupita miaka minane kabla damu haijamwagika. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa kwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga. Yusufu alikuwa bado mtoto, umri wa darasa la sita au la saba kwa hesabu yetu walimu. Inasimuliwa kwamba walikufa wakiimba. Naomba wanakwaya muushike wimbo huo mkononi, tutaurudia.

Mwaka huo huo Askofu James Hannington alitoka pwani akija Buganda. Hakupitia njia ya kusini iliyozoeleka. Alipita nchi ya Wamaasai akafika Mumias, hapo tu kwa majirani zetu. Kutoka Mumias akaendelea mpaka Busoga, na huko akauawa tarehe 29 Oktoba 1885. Wakuu wa Buganda walikuwa na hofu na mgeni anayeingia kwa mlango wa mashariki. Mifupa yake ilirudishwa Mumias ikakaa huko, kisha ikapelekwa Buganda na kuzikwa juu ya kilima cha Namirembe mwisho wa mwaka 1892. Yaani kabla kilima kile hakijapata kanisa la matofali, kilikuwa tayari kina kaburi, na mwili uliozikwa humo ulipitia kwetu magharibi ya Kenya.

Katika historia ya Namirembe huhesabiwa majengo matano. Ya mwanzo yalikuwa ya miti, matete na nyasi. Msifikirie kibanda. Lile lililofunguliwa mwaka 1892 lilikuwa na nguzo za magogo marefu yaliyotoka misituni, yakavutwa na mamia ya watu, na ndani yake waliingia maelfu. Lilijengwa mwaka ule ule ambao Waprotestanti na Wakatoliki wa Buganda walipigana kwa bunduki, mwezi wa Januari, vilima vyao vikitazamana. Mimi husema jambo hili lisifichwe. Ukisimama Namirembe leo unaiona Rubaga, kanisa kuu la Wakatoliki, na kuna kipindi watu wa vilima hivyo viwili hawakusalimiana. Leo hapa Homa Bay kwaya ya Wakatoliki imetuazima viti na kinanda cha sherehe hii, na wenyewe wameketi pale kushoto. Karibuni sana.

Mwaka 1894 ikaja dhoruba. Sisi watu wa ziwa tunaujua upepo wa aina ile, ule unaoanza kama mzaha majini na kufika nchi kavu umebeba paa. Kanisa lile kubwa likaanguka chini. Wakajenga jingine, dogo zaidi, wakalitumia huku wakipanga la kudumu.

La nne ndilo lililokuwa la matofali. Msimamizi wake alikuwa fundi wa misheni aitwaye Borup, mtu mwenye asili ya Denmark. Wakulima mtapenda kujua kwamba ndiye pia aliyeingiza mbegu za pamba Uganda mwaka 1903, na pamba ikafuata mpaka huku kwetu. Nikiyapita mashamba yaliyolimwa pamba zamani, namkumbuka mjenzi wa kanisa. Borup aliwafundisha watu kufinyanga na kuchoma matofali. Lakini udongo haupandi kilima wenyewe. Watu walijipanga foleni kutoka bondeni mpaka kileleni, machifu na wake zao, wakulima na watumishi, kila mtu na mzigo wake wa udongo au matofali. Katikiro Apolo Kagwa, aliyekuwa waziri mkuu na mmoja wa walezi wa Kabaka mtoto Daudi Chwa, alikuwa bega kwa bega na kazi hiyo. Likakamilika mwaka 1904, kuta za matofali na paa la nyasi lenye minara mirefu. Picha zake zipo. Lilikuwa zuri sana, na lilikuwa na kasoro moja ambayo kila mwenye nyumba ya nyasi anaijua.

Tarehe 23 Septemba 1910 radi ikapiga paa. Nyasi kavu, minara mirefu juu ya kilima: halikuwa na wa kuliokoa. Likateketea. Miaka sita tu tangu wale watu washushe mizigo mabegani.

Ndugu zangu, hebu tukae hapa kidogo, maana sitaki tuipite mbio. Fikirieni mtu aliyebeba matofali mwaka 1902, akamwimbia Mungu humo miaka sita, kisha akasimama barabarani akiangalia moshi. Na huyo mtu huenda ni yule yule aliyevuta magogo mwaka 1892 na kuyaona yamelala chini mwaka 1894. Kanisa la kwanza kuanguka unaweza kuliita ajali. La pili linakuuliza kama kweli unataka kuendelea. Vitabu vinatuambia nani alikuwa askofu na nani alikuwa katikiro. Havituambii huyo mtu alisema nini kwa mkewe jioni ile. Tunachojua ni kwamba Jumapili iliyofuata bado kulikuwa na Wakristo Namirembe, na ibada ikaendelea pasipo jengo lile.

Ilichukua muda kujipanga upya. Mchoro wa kanisa la tano ulitengenezwa na msanifu wa Uingereza, Arthur Beresford Pite. Kazi ilianza 1915, wakati dunia iko vitani. Ni vita vile vilivyofika hapa jirani Kisii, Septemba 1914, na vikawachukua vijana wetu wengi kubeba mizigo ya jeshi kuelekea Tanganyika, wengine wasirudi. Katika miaka hiyo hiyo, ng'ambo ya ziwa, watu walikuwa wakibeba matofali tena. Safari hii hawakurudia nyasi. Paa likawa la vigae, kuta za matofali mekundu, na katikati juu ya mahali pa kukutania likawekwa kuba kubwa ambalo unaliona kutoka mbali ukiwa mjini Kampala. Kanisa likawekwa wakfu mwaka 1919. Ndilo hilo hadi leo, lina zaidi ya miaka mia moja.

Waimbaji tuliobahatika kufika pale kwa basi, usiku kucha kupitia Kisumu na Busia, kitu cha kwanza tulichofanya ni kile ambacho mwimbaji yeyote hufanya akiingia kanisa geni: tulipiga sauti moja tu ili tusikie inarudi vipi. Ilirudi ikiwa imenenepa. Besi wetu walifurahi mno, maana kwa mara ya kwanza walisikika bila kupiga kelele. Nje kuna makaburi, na kati yake kuna la Daktari Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897 chini ya kilima hicho hicho. Kutoka hapo unaona mji umejipanga juu ya vilima kama watu walioketi kwenye ngazi, kila dini na kilima chake. Kwetu tumzoee Asego mmoja tu, tena mkali wa kupanda.

Ningeweza kuishia kwenye matofali, lakini sifa kubwa ya Namirembe machoni pangu si kuba. Ni mambo mawili yaliyofanyika pale, na yote mawili yanatuhusu.

La kwanza ni la tarehe 15 Mei 1955. Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, alikuja Namirembe kuwaweka wakfu maaskofu Waafrika. Kati yao walikuwamo Wakenya wawili wa kwanza: Obadiah Kariuki kutoka Kiambu, na Festo Olang', mtoto wa huku kwetu, mwanafunzi wa Maseno. Hesabuni miaka: mbegu iliyopandwa Maseno 1906 ilirudi Namirembe ikiwa askofu kabla haijafika miaka 50. Mwaka 1970 Olang' akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Askofu Mkuu wa Kanisa letu la Kenya. Na kumbukeni kwamba mwaka 1955 Kenya ilikuwa bado katika hali ya hatari. Mkikuyu na mtu wa Nyanza walipiga magoti pamoja kwenye sakafu moja, wakawekewa mikono siku moja. Nikiona jinsi siasa inavyotugawanya kila baada ya miaka mitano, natamani picha hiyo ibandikwe katika kila ofisi ya kanisa.

La pili ni la mwaka 1977, na hili ni zito.

Mwaka huo Kanisa la Uganda lilikuwa linajiandaa kwa jubilii yake ya miaka 100, tangu wale wageni wa 1877. Bila shaka kulikuwa na kamati kama hii yetu, na kwaya zilikuwa zinafanya mazoezi. Askofu Mkuu alikuwa Janani Luwum, Mwacholi kutoka Mucwini. Wacholi ni ndugu zetu kabisa. Mjaluo akimsikiliza Mwacholi polepole anaelewa mengi bila mkalimani. Na alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuingia katika uchungaji, jambo ambalo sisi wenye chaki mikononi tunaruhusiwa kujivunia. Mwezi wa Februari yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua wakipinga mauaji ya raia na unyanyasaji wa askari. Tarehe 16 Februari akakamatwa, na usiku huo akauawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Oryema alikuwa Mwacholi na Oboth-Ofumbi Mjopadhola. Wote watatu, basi, ni wa jamii za Kiluo. Serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Hakuna aliyeamini.

Pale Namirembe kaburi lilikuwa limechimbwa, kando ya kaburi la Askofu Hannington. Serikali haikuutoa mwili. Ulipelekwa Mucwini ukazikwa huko, na ibada ya mazishi Kampala ikapigwa marufuku. Jumapili tarehe 20 watu wakaja hata hivyo, maelfu. Kumbukeni ni Kampala ya Amin, na kila mtu aliyepanda kilima kile alijua kwamba anaonekana. Baada ya ibada hawakutawanyika. Walitoka nje wakalizunguka kaburi lililo tupu, wakaimba wimbo ule wa wale vijana watatu wa mwaka 1885.

Wanakwaya wenzangu, nimeongoza mazoezi ya kutosha kujua tunachobishania: nani aanzishe, nani amevuta wimbo, kwa nini tena hawajafika. Siku ile Namirembe hapakuwa na jeneza wala mwili. Kulikuwa na shimo na wimbo. Na wimbo huo ulikuwa umeshapita katika dhoruba ya 1894 na moto wa 1910 bila kuungua, kwa sababu haukuwa umewekwa ndani ya jengo. Jubilii yao ya miaka 100 waliifanya mwaka ule ule wakiwa katika maombolezo. Leo tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda, na sanamu ya Luwum imesimama tangu 1998 juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey, London, kati ya mashahidi kumi wa karne ya 20.

Basi nirudi kwa mama yetu wa alto na swali lake. Mama, nimelifikiria. Siwezi kukuambia kwamba ukuta huu si kitu. Ni kitu. Waganda wa 1910 hawakusema moto si kitu. Mimi mwenyewe nitaumia siku mabati haya yatakaposhushwa, maana najua hata msumari upi unavuja. Na vijana nao, nawaomba msiseme mbele ya wazee kwamba hili ni banda. Banda halina watu waliozikwa kwa nyimbo zake.

Lakini kuna jambo moja la Namirembe linalonisumbua, na ndilo nililoliletea hotuba hii yote. Majina ya maaskofu yamebaki. Ya katikiro limebaki, ya msanifu limebaki, hata ya fundi wa matofali na pamba yake. Majina ya wale waliojipanga kutoka bondeni mpaka kileleni, ambao bila wao hakuna kilichojengwa, sisi tunaosoma leo hatuna. Maelfu ya watu wamebaki neno moja tu, "watu". Na sisi tuko mbioni kufanya vivyo hivyo. Ninayo daftari za kwaya tangu nilipokabidhiwa ukatibu. Za kabla yangu zipo chache, nyingine zililowa. Ukiniuliza nani alisomba mchanga wa msingi huu kutoka ufuoni, nani aliuza mbuzi wake ili mabati yafike, nani alikuwa wa kwanza kuimba besi humu, majibu yako vichwani mwa watu kama kumi na wawili, na wote wameketi mbele yangu, wengine wakiwa na fimbo.

Kamati ya ujenzi imekubali ombi la kwaya: hakuna bati litakaloshushwa kabla majina hayajaandikwa, na nakala itawekwa ndani ya msingi mpya na nyingine katika ofisi ya vika. Vijana wa kwaya wamegawanywa wawili wawili, na kuanzia wiki ijayo watawatembelea wazee majumbani. Wapeni viti, wapeni muda, na tafadhali mkikumbuka wimbo ambao hatuuimbi tena, waimbieni hata kama sauti imechoka; wanazo simu za kurekodi.

Kwa wale watakaosafiri leo jioni, daftari la kuanzia liko juu ya meza karibu na mlango wa chumba cha mavazi. Andika jina, kijiji, sauti uliyoimba, na ulichobeba. Asiyeweza kuandika amwambie mtoto yeyote wa shule ya Jumapili amwandikie. Kalamu nimeifunga kwa uzi.